Oili Iliyovuka Mstari

Akitokea mtu akakwambia Mama Mikate alikuwa mwanamke mpole, mwambie akapimwe macho na masikio kwa pamoja. Mpole! Mwenye duka aliyechelewa kufungua mlango alikuta mikate yake kizingitini na maneno yake hewani, na maneno ndiyo yaliyokawia kupoa. Kila alfajiri alitoka bekari na kreti zimepangwa nyuma ya pikipiki, zimefungwa kwa mipira ya tairi kuukuu, akazungukia maduka ya mitaa yote ya bondeni. Viwiko vyake vilikuwa na unga, kucha zake zilikuwa na grisi, na uso wake ulikuwa umekunjwa tangu siku ile ndoa yake ilipovunjika.

Mumewe wa zamani aliitwa Bingwa. Jina hilo alijipa mwenyewe, na hilo peke yake linatosha kukueleza ni mtu wa aina gani. Alikuwa anabeba abiria, na kweli pikipiki aliijua kuiendesha. Ndiye aliyemfundisha Mama Mikate, enzi hizo wakipendana, kwenye uwanja nyuma ya shule, yeye akikimbia pembeni ameshika tandiko na kucheka mpaka anakaa chini. Ukiwaona leo huwezi kuamini. Walipoachana waligawana vyombo kama watu wanaogawana matusi: kitanda huku, kabati kule, sufuria kubwa ikavutwa mpaka mshikio wake ukang'oka. Binti yao wa pekee akabaki kwa mama. Ikabaki pikipiki. Ilinunuliwa kwa jasho la wote wawili, na pikipiki, jamani, huwezi kuikata katikati.

Kikao cha familia kikaitwa. Aliyekiongoza ni mjomba wake Mama Mikate, mzee wa maneno machache ila yakishatoka hayarudi. Akaamua hivi: asubuhi chombo ni cha mama, adhuhuri kinakabidhiwa kwa Fundi Miwani pale karibu na bekari, mchana mpaka jioni ni cha baba, na jioni baba anakirudisha uani kwa mama. Kisha akanyanyua kidole. "Na yeyote atakayeiua injini kwa uzembe wake, ataitengeneza mwenyewe, halafu inakuwa ya mwenzake moja kwa moja. Sitaki kuwasikia tena."

Hapo ndipo vita vilipohamia kwenye oili.

Kila jioni Bingwa aliingia na pikipiki uani, mahali ambapo vyumba vya wapangaji vinatazamana na ardhi imeinama kuelekea mfereji. Hapigi hodi. Anaiegesha kwa stendi ya pembeni, imelala kushoto kama mtu mwenye usingizi, anachuchumaa upande wa kulia, anachomoa kijiti cha kupimia, anakiinua juu wauone hadi waliokuwa jikoni. Kijiti kina mistari miwili, wa chini na wa juu, na oili inatakiwa ikae katikati yake. Kila jioni kijiti cha Bingwa kilitoka na oili chini ya mstari wa chini.

"Mnaona?" anapaza sauti. "Kavu! Mwanamke anaiendesha kavu! Basi mimi najaza. Majirani, mashahidi wangu ninyi!" Anatoa chupa kwenye koti, anamimina, anakung'uta tone la mwisho, anafunga. Jirani wa chumba cha pili, aliyebatizwa Redio na mtaa mzima kwa kazi yake ya kutangaza ya watu, alikuwa akitoka na kigoda kabisa asikose hata neno.

Mama Mikate anasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Umemaliza sarakasi yako?"

"Nimemaliza kukuokoa."

"Basi toka uani kwangu, ubingwa wako unanuka."

Binti anapokea ufunguo katikati yao, bila kumtazama yeyote, na Bingwa anaondoka kwa miguu akipiga mluzi.

Sasa sikiliza uone ujinga ulivyo. Oili haikuwa imepungua hata siku moja. Tundu la kijiti liko upande wa kulia wa injini. Pikipiki ikilalia kushoto, oili yote inakimbilia kushoto, na kijiti kinatoka kikavu kinadanganya. Kuipima oili sawasawa, unaisimamisha pikipiki kwa stendi ya kati, mahali palipo sawa, unaiwasha ingurume kidogo, unaizima, unaiacha ipumzike oili ishuke. Unachomoa kijiti, unakifuta kwa kitambaa, unakirudisha, unakiegesha tu tunduni bila kukikaza, kisha ndipo unakisoma. Haya Mama Mikate alifundishwa na Fundi Miwani siku ya kwanza tu alipoanza kubeba mikate. Bingwa hakufundishwa na mtu. Bingwa, nani amfundishe?

Na si kwamba hakuambiwa. Mwanzoni kabisa, kabla chuki haijaota mizizi, Mama Mikate alimtolea uvivu palepale uani: "Hebu isimamishe sawa kwanza ndiyo upime. Unapima ikiwa imelala, unategemea nini?" Bingwa alicheka mpaka akashika ukuta. Akaenda kijiweni akawasimulia waendesha pikipiki wenzake, akiigiza sauti yake, akitikisa na makalio. Wiki nzima Mama Mikate alipopita pale na kreti zake walimpigia kelele: "Mwalimu! Mwalimu wa stendi!" Wanaume wazima hao, na ndevu zao.

Akala kiapo. Huyu mwanaume hatasikia tena neno la maana kutoka kinywani mwangu, hata nyumba yake ikishika moto.

Basi kila alfajiri, kabla ya kwenda bekari, aliitoa pikipiki kibarazani penye sakafu iliyonyooka, akaisimamisha, akapima kwa utaratibu wake. Oili ilikuwa imevuka mstari wa juu kila mara, kwa kadiri ile ile ya ubishi wa Bingwa. Alikuwa na bomba la sindano nene, lile la kuchomea ng'ombe, amelichomeka mpira mwembamba kwenye mdomo. Aliingiza mpira tunduni, akavuta, akamwaga kwenye dumu, akavuta tena, mpaka kijiti kikasema ukweli. Dumu alilificha nyuma ya mlango wa chumbani. Ikifika siku ya kubadilisha oili, alitumia hiyo hiyo ya Bingwa, na siku hiyo alikuwa akiimba barabarani. Utamu alioupata! Mtu anakutukana mbele ya mtaa mzima huku anakununulia oili, wewe ungeacha?

Binti alikuwa analala chumba hicho hicho. Hakuwahi kuuliza chochote. Alikuwa amelala, au mama yake aliamini hivyo.

Mambo yangeweza kwenda hivyo mpaka watu wakaota mvi. Lakini Bingwa alikuwa na domo, na domo halikai bure. Adhuhuri moja hakusubiri kwa Fundi Miwani. Alikuja mpaka mlangoni pa bekari, msimamizi yupo, wapakiaji wapo, wateja wapo, akaanza kuhubiri. "Huyu mnayempa mikate yenu anaua chombo! Kila jioni namkuta hana oili. Nimeshaongea na mjomba wake. Jumapili kuna kikao. Mzee kanambia, kama mashahidi wapo, pikipiki narudi nayo kwangu. Tafuteni mtu mwingine wa mikate mapema, msije mkajuta."

Mama Mikate akamsogelea. "Mjomba wangu mimi? Mjomba wangu kakwambia hivyo?"

"Muulize mwenyewe. Nina uani mzima wa mashahidi."

Msimamizi wa bekari akamtazama Mama Mikate kwa jicho la pembeni, jicho lile la mtu aliyeshaanza kufikiria jina la mwingine. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Bila pikipiki hakuna mikate, na bila mikate yeye ni nani? Mwanamke aliyeachwa, mwenye chumba kimoja na binti wa kusomesha. Alikabidhi ufunguo kwa fundi, akarudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima midomo yake ilikuwa inacheza.

Angeweza kwenda kwa mjomba akalitua dumu mezani na kusema, haya, hii hapa oili yenyewe. Aliwaza hivyo. Lakini alijua watakavyosema: mwanamke anaiba oili kwenye injini halafu anamlaumu mwenzake. Na hata wangemwamini, Bingwa angecheka tu, angejifunza kupima, na mambo yangekwisha kwa yeye kuonekana mwema. Hapana. Chuki ilikuwa imemjaa mpaka kooni, na chuki ikifika kooni inafikiri yenyewe. Ikamwambia: acha kuvuta. Mwache anywe alichomimina. Imfie mikononi kabla ya Jumapili, kisha tuone nani ana mashahidi.

Alfajiri iliyofuata aliisimamisha pikipiki, akapima, akaona oili imevuka mstari, akafunga kijiti. Akaenda zake. Jioni Bingwa akaja, akamimina juu ya ile, akapiga kelele zake. Mama Mikate akajibu zake. Alfajiri tena akapima, akaona, akafunga. Yeye aliiendesha taratibu, mkono mwepesi kwenye mafuta, kwa sababu alijua kilichomo tumboni mwa injini. Bingwa hakuwa na mkono mwepesi maisha yake yote.

Ijumaa, alipoifikisha kwa Fundi Miwani, ekzosi ilikuwa inatoa moshi wa kibuluu na pikipiki inavuta kwa shida. Fundi akashusha miwani yake puani, akanusa.

"Hii haina njaa," akasema. "Hii imevimbiwa. Ngoja niipime, dakika moja tu."

"Usiiguse."

"Mama Mikate, oili ikizidi nayo ni balaa, siyo ikipungua tu. Wewe unajua."

"Nimesema usiiguse! Zamu yangu imeisha. Mwenye zamu akija muulize yeye, si ndiye bingwa?"

Fundi akapandisha miwani, akarudi kwenye kazi yake. Alikuwa amechoka na hao wawili, na ni nani angemlaumu? Bingwa alipofika fundi alifungua kinywa, "Hii pikipiki yako ina..." na Bingwa akamkata kauli, "Ina nini? Haina oili? Nitaijaza jioni," akaikanyaga na kuondoka na moshi wake.

Mama Mikate aliutazama ule moshi na moyo wake ukacheka, tusifiche. Alijua binti yao huwa anachukuliwa na baba yake shuleni mchana. Alilijua hilo. Ila alichokiona kichwani ni injini kuzima barabarani, Bingwa ameduwaa pembeni anapiga teke tairi, na binti anashuka na kutembea. Atembee, kutembea hakuui mtu. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Kuhusu mistari miwili ya kijiti alikuwa anajua kila kitu. Kuhusu oili iliyobanwa inatafuta wapi pa kutokea, hilo hakuwahi kuuliza, kwa sababu hajawahi kuiacha ifike huko.

Oili ilipata pa kutokea. Kwenye mteremko wa sokoni Bingwa aliivuta kwa kiburi chake cha kila siku, na sili, ule mpira unaoizuia oili isivuje pale cheni inapoanzia, ikasalimu amri. Oili ikarukia cheni, cheni ikaibeba nyuma, ikalipaka tairi. Kwenye kona tairi la nyuma likateleza, pikipiki ikalala, na baba na binti wakaburuzwa kwenye changarawe mpaka ukutani mwa kinyozi.

Mama Mikate alikuwa anafua alipomsikia Redio akipiga yowe. Akatoka mikono ina povu. Bingwa alikuwa anaisukuma pikipiki kuingia uani, suruali imechanika, na nyuma yake binti anachechemea, mkono umechunika ngozi kutoka kiwiko mpaka kifundo, soksi nyeupe za shule zimekuwa nyeusi kwa oili.  Mama Mikate alikimbia akamkamata binti mabega, akampapasa kichwa, shingo, mgongo, akitafuta mfupa uliovunjika na kuomba asiupate.

"Umeona kazi yako?" Bingwa aliegemeza pikipiki ukutani, akamnyooshea kidole. "Umeona? Oili imemwagika yote! Ungetuua! Ungemuua mtoto!"

"Ni nani aliyekuwa anaendesha? Mimi? Ni nani?" Alipiga kelele kumzidi, maana akinyamaza angelia, na kulia mbele ya huyo mwanaume hakutaka. "Ondoka! Ondoka kabla sijachukua mchi!"

Chumbani alimkalisha binti kitandani, akaleta maji ya vuguvugu na chumvi, akaanza kumtoa changarawe moja moja kwenye mkono. Binti hakulia. Alikuwa anatazama nyuma ya mlango, kwenye dumu na bomba la sindano.

"Mama," akasema, "siku hizi mbona huipunguzi?"

Mkono wa Mama Mikate ulisimama na kitambaa. Alitaka kuuliza unasema nini. Alitaka kusema ulikuwa macho? Kila alfajiri ulikuwa macho? Maneno yaliyokuwa hayamwishi mdomoni miaka yote yakamkimbia siku hiyo. Aliendelea kuosha kidonda, polepole, na binti akageuza uso ukutani.

Jumapili kikao kikakaa hapo hapo uani. Mjomba alikuja na fimbo yake, Bingwa alikuja na shati la pasi, Fundi Miwani aliitwa kueleza alichokikuta. Fundi akaeleza kwa kifupi: sili imepasuka, chujio la hewa limelowa oili, injini ilikuwa imejazwa kupita mstari, tena kupita sana.

"Nani alikuwa anaijaza?" Mjomba akauliza.

 Redio, kwa raha zote za dunia, akainuka kwenye kigoda chake. "Si huyo hapo! Kila jioni anamimina, na anatuita tuje tuone. Mashahidi wangu ninyi, mashahidi wangu ninyi. Haya, tumeshuhudia!"

Watu wakaangua kicheko. Bingwa akasimama, akakaa, akasimama tena. "Lakini ilikuwa inapungua! Nilikuwa napima!"

"Unapima ikiwa imeegemea stendi ya pembeni?" fundi akauliza. "Hapa, penye mteremko?"

 Uso wa Bingwa ulishuka wote kwa pamoja, na Mama Mikate, aliyekuwa ameisubiri sura hiyo kwa muda mrefu sana, aliitazama na hakusikia utamu wowote.

"Jambo moja tu ndilo silielewi," fundi akaendelea, akifuta miwani kwa pindo la shati. "Kwa oili aliyokuwa anaongeza huyu kila siku, hii sili ingepasuka zamani. Ilistahimili vipi miezi yote hii?"

Mjomba akageuka, macho yakapita kwa mmoja mmoja, yakatua kwa binti aliyeketi kizingitini na mkono wake umefungwa bandeji. "Wewe mjukuu wangu ndiye unayekaa nao wote wawili. Unajua lolote?"

 Dumu lilikuwa nyuma ya mlango, hatua chache tu kutoka hapo alipokaa mtoto. Binti alimtazama baba yake, aliyekuwa ameshika kichwa. Akamtazama mama yake, na hakumtazama kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira.

"Sijui, babu," akasema.

Kikao kikafungwa. Bingwa aitengeneze, kisha iwe ya mama. Bingwa aliitengeneza kweli, akaileta mwenyewe siku kreti zake zilipokuwa zimeanza kubebwa na mtu mwingine wa bekari. Akaisimamisha kwa stendi ya kati, akaweka ufunguo juu ya tandiko, akaondoka. Hakupiga mluzi.

Asubuhi ya kwanza pikipiki ikiwa yake peke yake, Mama Mikate aliiwasha, akaizima, akasubiri, akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakisoma. Oili ilikuwa katikati ya mistari miwili, mahali pake kabisa. Hakukuwa na cha kuvuta. Binti akatoka chumbani amevaa sare, begi mgongoni, kovu la mkono bado jekundu.

"Panda, nikupitishe shuleni kwanza," Mama Mikate akamwambia. "Nitaendesha polepole."

"Nitatembea."

"Ni mbali, mwanangu. Utachelewa."

"Baba naye jana alitaka kunisindikiza, nikamwambia hivyo hivyo." Alikuwa anafunga kamba za viatu, hakuinua uso. "Nitatembea, mama."

Akapita kando ya pikipiki bila kuigusa, akaruka mfereji, akaishika njia. Mama Mikate alibaki ameshika kitambaa cha oili, anamtazama mpaka alipokata kona. Alitaka kumwita arudi amwambie yote, lakini hakujua aanzie wapi. Kisha akakumbuka mikate inasubiri.